Betri Imelala, Buti Limegoma

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Lushoto, Same au Moshi, usingizi ukimzidi baada ya Segera, Korogwe ndipo pa kulaza gari. Mtaa wa Manundu mjini humo kuna gesti, kuna mama lishe wanaowasha moto kabla hakujapambazuka, na barabara kuu iko hapo hapo. Tatizo huja asubuhi. Unabonyeza rimoti, gari halijibu. Unazunguka nyuma kubonyeza kile kitufe cha mpira juu ya kibao cha namba, nacho kimya. Ndani ya buti mna mabegi, mna nguo za harusi ya Mombo, mna jeki na spana, mna na waya za kubusti ulizonunua kwa ajili ya siku kama hii hii. Na kama gari lako ni Prius, huenda mna betri yenyewe.

Hapo washauri hawakosekani. Mmoja analeta bisibisi, wa pili anaulizia mtaimbo, wa tatu anamjua kijana anayefungua gari lolote kwa waya wa chuma. Nia ni njema, ila wote watatu wanapambana na buti, na buti linalofunguka kwa umeme halishindwi kwa nguvu. Linataka umeme kidogo, kidogo kuliko watu wanavyodhani, na njia ya kuufikisha. Njia hiyo inaanzia mlango wa dereva, inapita chini ya boneti, ndipo inafika nyuma. Basi jambo la kwanza ni kuliacha buti na kwenda mbele.

Kabla ya hapo, jua buti lako linafungukaje, maana huenda huhitaji umeme kabisa. Toyota nyingi za zamani zenye buti lililochomoza nyuma, Corolla, Carina, Mark II na wenzao, zina kishikio kidogo sakafuni ubavuni mwa kiti cha dereva, mara nyingi jirani na kile cha kufungulia kifuniko cha tanki la mafuta. Kishikio hicho kinavuta waya wa chuma uliopita chini ya zulia mpaka kwenye komeo la buti. Betri iwe hai au imekufa, waya haujui. Ukivuta na buti lisitoke, usiongeze nguvu mpaka ukate waya. Mwite mtu asimame nyuma, akandamize mfuniko wa buti kwa viganja viwili, wewe uvute wakati huo huo. Komeo lililobanwa na mpira mgumu au vumbi la barabara za mashambani hulegea kwa namna hiyo mara nyingi kuliko lisivyolegea. Gari likiwa na tundu la ufunguo kwenye buti lenyewe, jaribu na huo. Tundu ambalo halijatumika miaka mingi lipulizie mafuta ya kulainisha kutu, subiri kidogo, kisha zungusha taratibu. Ufunguo uliokatikia ndani ya tundu ni balaa jingine kabisa.

Magari ya karibuni ndiyo yenye kazi. Kitufe cha mpira hakifungui kitu. Kinapeleka ujumbe tu, na mota ndogo ndani ya komeo ndiyo inayofungua. Pasipo umeme hakuna ujumbe wala mota. Hata ukikibonyeza mpaka kidole kiume, ni kama kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Sasa mlango wa dereva. Rimoti nyingi za magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe zina ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake. Geuza rimoti, tafuta kitufe kidogo mgongoni au ubavuni, kisukume, uchomoe. Tundu lake lipo kwenye mlango wa dereva. Usipoliona, huwa limefunikwa na kipande cha plastiki mwishoni mwa kishikio, kinachobanduliwa kwa ncha ya ufunguo huo huo. Wenye magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika, yaani wengi wetu, naomba waache kusoma kidogo wakaangalie kama ufunguo huo upo. Gari linapita mikono mingi kutoka mnadani Yokohama au Nagoya mpaka bandarini Dar, na kile kipande cha chuma ni rahisi kupotea bila mtu kukikumbuka. Kitabu cha maelekezo nacho kama kimekuja, kimekuja kwa Kijapani. Rimoti isiyo na ufunguo ndani yake ni nusu ya ufunguo, na fundi wa funguo anaweza kukuchongea kipande hicho siku ambayo huna haraka.

Ukishaingia, usishangae umeme utakaporudi gari likaanza kupiga kelele za king'ora. Linadhani limeibiwa kwa sababu limefunguliwa kwa chuma. Bonyeza rimoti, litanyamaza. Kwa sababu hiyo hiyo mwambie mlinzi wa gesti au majirani unachokifanya kabla hujaanza, na kadi ya gari uiweke karibu. Mgeni anayehangaika na gari alfajiri, namba ikiwa ya mbali na kofia imefunika uso, hahitaji kuwa mwizi ili ajikute anajieleza kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kishikio cha boneti kiko chini ya dashibodi na kinavuta waya wa chuma, kwa hiyo boneti hufunguka bila umeme. Ukiifungua, utakuta moja ya mambo mawili.

Ukikuta betri, kazi imekwisha nusu. IST, Vitz, Passo, Premio na nyingi za kundi hilo zina betri mbele. Omba gari lenye betri ya volti 12, busti, bonyeza rimoti, buti litafunguka hata kabla hujawasha injini.

Usipoikuta, usidhani imeibiwa. Prius nyingi zina betri ya volti 12 nyuma, kulia, ndani ya eneo la mizigo. Camry na Crown za haibridi zinaiweka ndani ya buti. BMW nyingi na baadhi ya Mercedes nazo ni hivyo hivyo. Aqua inaiweka chini ya kiti cha nyuma. Wahandisi walipoihamishia betri nyuma hawakuwa wajinga. Walijua itakufa siku moja ikiwa imefungiwa, wakaacha ncha ya chanya chini ya boneti kwa ajili ya siku hiyo. Kwenye Prius fungua kisanduku cha fyuzi, utaona kifuniko chekundu, chini yake kuna kipande cha chuma: hapo ndipo pa kubana waya mwekundu. Kwenye BMW tafuta kifuniko chenye alama ya kujumlisha. Umeme ukiingizwa hapo unasafiri mpaka nyuma kana kwamba umeishika betri yenyewe.

Gari lako likiwa halina ncha hiyo, au huioni, mafundi umeme wanajua mlango mwingine. Waya mnene unaotoka kwenye betri huenda moja kwa moja kwenye stata, na nati inayoubana ni chanya ya betri kwa jina jingine. Kazi hiyo mwachie fundi, maana pale chini kuna vyuma vingi vya bodi, na waya wa chanya ukigusa bodi cheche zake hazina huruma.

Mpangilio wa kubana waya uwe huu, na usiubadilishe kwa sababu mtu mwenye sauti kubwa amesema vingine. Mwekundu kwenye chanya ya gari bovu au ncha yake ya mbele. Ncha ya pili ya mwekundu kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ya mweusi haiendi kwenye hasi ya betri mbovu, inaenda kwenye chuma kitupu cha injini au bodi ya gari bovu, mbali na betri. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ndiyo inayoruka. Afadhali irukie mbali. Kutoa, rudi kinyume. Ukigeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde moja, unaweza kuunguza fyuzi kuu, alteneta au kompyuta ya gari, na hapo habari ya buti utaisahau.

Kuna kosa ambalo barabara hii inalialika kuliko nyingine. Manundu hupita malori na mabasi usiku na mchana, na dereva wa lori ni mtu wa kwanza kujitolea. Mshukuru, ila uliza kwanza. Malori makubwa na mabasi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Ukiziunganisha zote mbili na Toyota yako ndogo, umeipelekea umeme mara mbili ya inaoujua. Fundi anayejua kazi anaweza kuchukua umeme kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili, lori likiwa limezimwa, lakini asiyejua asijaribie kwako. Noah, Probox au teksi iliyoegeshwa jirani ni salama zaidi kuliko Scania ya rafiki mwema.

Na kama hakuna gari lolote? Hapa ndipo napenda kuwakumbusha watu kwamba kufungua komeo na kuwasha injini ni kazi mbili tofauti. Stata ya gari la petroli inakula umeme mwingi sana kwa sekunde chache, mamia ya ampea kwenye injini kubwa. Mota ya komeo la buti inahitaji ampea chache kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo betri ya bodaboda inatosha. Korogwe bodaboda hazikosekani, na nyingi zina betri ya volti 12. Soma maandishi yake kabla ya kuifunga. Betri ya sola ya nyumbani, nayo ikiwa ya volti 12, inafaa vizuri zaidi. Mlipe kijana muda wake, mwambie atoe betri, bana waya kwa mpangilio ule ule, na papo hapo bonyeza rimoti. Nasema papo hapo kwa sababu betri kubwa iliyokufa bado imeunganishwa na gari, nayo ikipata jirani mwenye umeme inaunyonya. Ukikaa kupiga soga kwa dakika kumi, bodaboda nayo itagoma kuwaka. Wala usithubutu kupiga stata kwa betri ile. Fungua buti, chukua ulichokuwa unakitafuta, rudisha betri ya watu.

Wenye Prius na Aqua wana bahati ambayo wengine hawana. Betri yao ya volti 12 haizungushi injini. Inaamsha kompyuta tu, na betri kubwa ya haibridi ndiyo inayofanya kazi ya kuwasha. Kwa hiyo umeme mdogo unaofungua mlango wa nyuma mara nyingi unatosha kulifanya gari lote liwake. Masharti ni mawili. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, kwani betri kubwa ya Prius ile ya kizazi cha pili ina volti zaidi ya 200, na hiyo si ya kujifunzia. La pili, ile ncha ya mbele ni ya kupokea. Haikuwekwa ili wewe uwabusti wengine, hata jirani akikusihi vipi; Toyota wenyewe wanaikataza kazi hiyo.

Gari la giya za mkono watu watataka kulisukuma, na kama betri imebakiza uhai kidogo litawaka, kisha buti lifunguke lenyewe. Betri ikiwa imekufa kabisa, mtasukuma mpaka Mtonga bure, kwa kuwa alteneta nayo huhitaji umeme kidogo ili ianze kuzalisha. Gari la automatiki usilisukume. Haibridi ndiyo kabisa.

Tuseme yote hayo yameshindikana, au huna hata waya. Baki ndani ya gari. Kwenye magari yenye mlango wa nyuma unaonyanyuka, laza viti vya nyuma, tambaa mpaka kwenye eneo la mizigo ukiwa na tochi ya simu, na utazame upande wa ndani wa mlango ule, chini katikati, usawa wa komeo. Prius na nyingine nyingi za Toyota zina kifuniko kidogo cha plastiki hapo. Kibandue kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, ingiza ncha ya bisibisi, utagusa kijiko cha chuma cha komeo. Kisukume upande, mlango utaachia. Mwili wa mtu mzima hauipendi kazi hii, basi mpe kijana mwembamba, ila uwe umeshafungua madirisha au milango, kwa kuwa jua la Korogwe likipanda saa nne ndani ya gari si pa kukaa.

Magari ya buti lililochomoza yanatofautiana. Baadhi yana vishikio juu ya mabega ya kiti cha nyuma, unavuta na kiti kinalala. Baadhi yana vishikio hivyo ndani ya buti, na sijui aliyebuni hivyo alikuwa anamkusudia nani. Mengine yana kijimlango nyuma ya kiegemeo cha mkono katikati ya kiti. Mkono mrefu ukishika fimbo unaweza kufika mbali. Vingine vyote vikishindikana, kiti cha kukalia cha Toyota nyingi kinabanwa na klipu mbili mbele: nyanyua kwa nguvu ukingo wa mbele, kinatoka. Chini yake utaona boliti zinazoshika kiegemeo, na spana ya kawaida inazitoa. Tatizo ni kwamba spana iko kwenye buti. Na kwa Camry au Crown nyingi za haibridi njia hii haipo, kwa sababu nyuma ya kiegemeo pamekaa ile betri kubwa. Hizo ni za kupewa umeme kutoka mbele, hakuna mkato.

Yote niliyoandika mpaka hapa yana subira ndani yake, kwa kuwa mabegi hayafi. Ndani ya buti akiwa mtoto, hesabu inabadilika. Watoto hucheza kujificha, na buti lililoachwa wazi uani ni maficho mazuri mno. Gari lililofungwa juani hupanda joto haraka, sehemu kubwa ya joto hilo ikiwa ni katika nusu saa ya kwanza, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Hapo usitafute betri. Vuta kishikio cha sakafuni kama kipo. Kama mlango umefungwa, vunja kioo cha mlango, siyo cha mbele, kwa kuwa kioo cha mlango hupasuka vipande vidogo na cha mbele kimeundwa kisipasuke hivyo. Kioo cha nyuma cha gari la buti kiache pia, hakikufikishi ndani ya buti. Laza au ng'oa kiti cha nyuma. Mtu mmoja aendelee kuzungumza na mtoto wakati wote, mwingine apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa polisi. Akitoka, mpelekeni kivulini, mpooze kwa maji ya kawaida, kisha hospitali ya Magunga hapo Korogwe hata kama anaonekana mzima.

Marekani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1995 huko San Francisco, Janette Fennell na mumewe walifungiwa na majambazi ndani ya buti la gari lao wenyewe. Walitoka salama, na mama huyo akaanza kampeni ya kutaka kila buti liwe na kishikio cha kufungulia kutoka ndani. Majira ya joto ya 1998 watoto 11 walikufa ndani ya mabuti katika matukio matatu yaliyotokea ndani ya wiki chache. Sheria ikaja: magari madogo yenye buti yanayotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia Septemba 1, 2001, lazima yawe na kishikio hicho, nacho kinang'aa gizani. Kinavuta komeo bila kutegemea betri. Lakini gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani halikubanwa na sheria hiyo, na yetu mengi ni hayo. Fungua buti lako leo uangalie karibu na komeo. Ukikuta kishikio cha rangi ya kijani au njano iliyopauka, waoneshe watoto kinavyovutwa. Usipokikuta, buti lifungwe kila saa na ufunguo ukae juu.

Turudi kwenye buti lisilo na mtu. Kuna balaa dogo la kuchekesha: funguo zimebaki ndani ya buti, na betri nayo imekufa. Ufunguo wa akiba uko Dar, kwenye droo. Usivunje chochote. Barabara hii ina mabasi tangu alfajiri, na ufunguo ni mzigo mwepesi. Aliyeko Dar aufunge kwenye bahasha ngumu au kijikopo, aandike jina na simu yako, aupeleke stendi kwa wakala wa basi linalopita Korogwe, achukue risiti, namba ya basi na simu ya kondakta. Ukitumwa asubuhi, mchana unao mkononi. Nauli ya bahasha hiyo ni ndogo kuliko kupaka rangi mfuniko wa buti uliopindishwa na mtaimbo. Na mfuniko uliopindishwa haurudi ulivyokuwa: mvua inaingia, vumbi linaingia, na ukipita barabara ya vumbi nguo zako zinakuwa rangi moja na udongo.

Ukiamua kumwita fundi, na Manundu hutamtafuta mbali, zungumza naye kabla hajagusa gari. Mfano wa mazungumzo yanayofaa ni huu:

"Shikamoo mama. Gari linasumbua nini?"

"Marahaba mwanangu. Betri imekufa, na buti halifunguki. Wewe utaanzia wapi?"

"Naanzia mbele, mama. Nipate boneti kwanza."

Huyo mpe kazi. Akikujibu kwamba anatoboa tundu dogo tu ambalo halitaonekana, mshukuru umuage. Patana bei ya kufungua peke yake, na bei ya kutafuta kilichoua betri iwe mbali, la sivyo utajikuta umeuziwa betri mpya wakati tatizo lilikuwa taa.

Na mara nyingi ni taa. Taa kubwa mbili za kawaida zinakula karibu ampea 9. Betri ya ampea-saa 45 haifiki asubuhi. Taa ndogo ya ndani ya buti ni ya ujanja zaidi. Balbu ya wati 5 inakula chini ya nusu ampea, lakini buti lisipofunga sawasawa taa inabaki imewaka gizani ambako hakuna anayeiona, na baada ya siku mbili au tatu gari linakosa nguvu ya kuwaka. King'ora kilichofungwa na fundi wa mtaani na kifaa cha kufuatilia gari navyo vinakula polepole, hasa gari likikaa wiki bila kutembea. Mwombe fundi aweke mita. Betri iliyopumzika ikiwa na volti 12.6 imejaa, ikiwa 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imekwisha. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5, ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na kubusti kutakufikisha Mombo tu.

Ukishafungua, kabla hujapanga mabegi upya, toa waya za kubusti, spana namba 10, bisibisi bapa na tochi, uviweke chini ya kiti cha mbele. Havina kazi nyuma. Ukifika nyumbani jifunze njia ya gari lako kwa utulivu: chomoa ufunguo kwenye rimoti uujaribu kwenye mlango, tafuta ile ncha nyekundu chini ya boneti, bandua kifuniko cha komeo. Zoezi la komeo lifanye mlango wa nyuma ukiwa umenyanyuliwa: sukuma komeo kwa bisibisi mpaka lijifunge lenyewe hewani, kisha ulifungue kwa kile kijiko cha ndani. Likikataa, bado uko nje, na mlango uko wazi.